Isale Nililolikataa

Mwanamume akikukosea kwa shida, utamsamehe hata kabla hajamaliza kueleza. Akikukosea kwa raha, hapo ndipo kazi ilipo. Elimringi alinikosea kwa raha, na alipokuja kuniambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe alinikuta nimetoka zamu, miguu inaniuma, na subira yangu yote nimeiacha wodini.

Alikuwa amesimama nje ya geti la hospitali pale Mawenzi, katika manyunyu yale ya Julai ambayo hayanyeshi wala hayakatiki. Alivaa koti la Ulaya lenye kola pana, na nywele alikuwa amezifuga mpaka zimefunika masikio. Nilimtambua kwa mabega. Nilikuwa nimeyangoja mabega yale miaka miwili, na sasa yalipofika nilitamani kuyapiga kwa mwavuli.

"Dafroza," akaita.

"Hapa naitwa Sista Dafroza. Wagonjwa wanatazamwa jioni."

"Mimi si mgonjwa."

"Basi hapa huna shida. Kwaheri."

Nikashika njia ya stendi. Akanifuata, begi linamgonga mapajani.

"Basi la Nairobi limenishusha sasa hivi. Sijafika hata kwa mama. Nimeanzia kwako. Hata uso sijanawa."

"Maji yapo. Bomba lile pale."

Akacheka. Nikasimama nikamgeukia, maana kicheko kile ndicho nilichokipenda kwanza, na sikutaka kukisikia siku ile.

"Elimringi, mwaka jana ulikuwa wapi?"

Kicheko kikafa.

Nyumbani kwao ni Mwika, ni Walutheri tangu babu. Kwetu ni Mamsera, ng'ambo ya korongo, ni Wakatoliki tangu babu vilevile. Korongo lenyewe mbuzi analivuka huku anatafuna, lakini mchumba kulivuka ni kesi. Hata hivyo, kabla hajaenda Ujerumani kusomea shahada ya pili ya kilimo, wazee wake walimletea baba yangu mbege ya kwanza, pombe ya ndizi ya posa. Baba aliinywa kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, ila aliinywa. Na kwetu, binti ambaye mbege yake imenywewa hapewi mtu mwingine mpaka posa ile imalizwe kwa neno la pande mbili.

Hatua ya pili ilikuwa mchumba mwenyewe aje akae mbele ya wazee. Tuliipanga Julai ya mwaka jana, wakati kwao Ulaya ni kiangazi na vyuo vimefungwa. Wazee wa Mwika walifika na mtungi. Padri alifika. Mimi nilisimama mlangoni na kitenge kipya mpaka jua likazama nyuma ya migomba, na mchumba hakutokea. Wiki iliyofuata ikaja kadi yenye picha ya mji uliojaa maji: "Nakukumbuka sana. Hapa ni Venisi."

"Chuo kilipofungwa," akaanza polepole, "Mjerumani mmoja darasani kwetu alikuwa na kombi kuukuu. Wakasema twende kusini mpaka Roma. Nikapiga hesabu, nikaona nitafika nao Roma, nipande ndege kule kule, niwe Mamsera kabla ya siku ya wazee. Ndivyo nilivyopanga, Mungu ni shahidi."

"Endelea. Mungu anasikiliza."

"Tukapita milima ya Uswisi. Dafroza, nimezaliwa chini ya theluji ya Kibo na sijawahi kuishika. Nikaishika. Nikalia pale barabarani, wenzangu wananishangaa. Halafu Venisi. Halafu Roma, na ndege ikaondoka sikuipanda, nikasema nitapanda ya wiki ijayo. Halafu Napoli. Kila mji nilisema kesho, kesho. Siku moja tumekaa juu ya ukuta wa bahari tunakula zabibu, mtu akauliza leo tarehe ngapi. Nikamjibu. Na nilipoitaja ndipo nilipojua kwamba siku yetu imeshapita."

"Hukuugua?"

"Sikuugua."

"Hukuibiwa pasipoti?"

"Hapana."

"Kulikuwa na mwanamke?"

"Hapakuwa na mwanamke."

"Afadhali angekuwepo. Ningemchukia yeye badala yako."

Akalishika begi kwa mikono miwili. "Nilikuwa na furaha. Hilo tu. Njia nzima kutoka Nairobi nilikuwa natunga uongo mzuri, nilipokuona nikashindwa kuusema. Nilikuwa na furaha, nikakusahau. Halafu nikaona aibu, na aibu ikanifunga mkono nisiandike."

Jamani, mtu anajibiwaje hapo? Wauza ndizi wa stendi walikuwa wameacha kuita wateja, wanatusikiliza sisi. Nikamwambia nililokuwa nalo.

"Nimetangazwa kanisani mara mbili. Onesphory, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari. Jumapili hii ni tangazo la tatu, na baada ya hapo ni harusi."

Akaliweka begi chini. "Unampenda?"

"Akisema atafika, anafika."

Akapiga magoti kwenye tope la stendi, na koti lake la Kijerumani. Kondakta akapiga mluzi. Mimi nikapanda basi, nikakaa dirishani, nikatazama mbele kama mtu asiye na habari.

"Nakwenda kwa baba yako!" akapaza sauti, basi linaanza kutembea. "Unasikia? Nakwenda kwa mzee Nikodemo!"

"Nenda!" nikamjibu kwa ukali. Na ndani ya ukali ule, wasomaji wangu, nilikuwa namsihi. Nenda, nenda leo, usije ukasema kesho.

Alikwenda. Baba yangu, ambaye kwa kawaida Mlutheri akipita barabarani anaita mbwa, alimkaribisha ndani na kumpa kiti cha mgongo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi na wewe hatuwezi kuzungumza habari ya posa huku katikati yetu pana kosa. Niletee isale. Yaishe kwanza, ndipo nitakusikiliza."

Kila Mchaga anajua isale. Ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na kwenye makaburi ya babu zetu. Mkosaji hulifunga fundo, mzee wa ukoo wake akatangulia naye mpaka kwa aliyekosewa, na likishapokelewa, kosa linazikwa, wala hapana mwenye ruhusa ya kulitaja tena. Watu wameacha kesi za mashamba na za damu kwa ajili ya jani lile. Elimringi alirudi Mwika mbio, akiamini kwamba amefunguliwa mlango.

Na mimi niliposikia nilifurahi. Nilikuwa nimekwenda nyumbani Ijumaa kwa likizo ya harusi, nikakuta maandalizi ya kuwapokea watu wa Mwika, nikadhani kimyakimya baba ameanza kulegea. Shangazi yangu Epifania ndiye aliyeniita nyuma ya banda la ng'ombe, tukajifanya tunakata migomba ya kuwalisha.

"Unatabasamu nini, wewe?" akaniuliza.

"Elimringi analeta isale."

"Anajichimbia kaburi. Nani alikwambia mtu huomba radhi kwa posa iliyo hai?"

Nikalishusha panga. "Sijaelewa, shangazi."

"Sikiliza vizuri. Tangazo lako la pili liliposomwa, mzee mmoja alisimama nje ya kanisa akamwambia padri: binti huyu mbege ya Mwika imenywewa kwa ajili yake, na posa haijamalizwa. Padri akamwambia baba yako, malizeni kwanza, la sivyo tangazo la tatu silisomi. Baba yako amehangaika, hajui atayamaliza vipi. Mara mpumbavu wako anatokea Ulaya na miguu yake. Akilileta isale, amekiri kwamba alivunja. Wewe ukilipokea, umekubali kwamba imevunjika. Pande mbili zimesema neno. Jumapili unasomwa, na hapana mtu atakayekuwa na ruhusa ya kuitaja posa ile mpaka mnakufa."

"Lakini baba yake mdogo, mzee Eliufoo, ndiye anayemleta! Yeye hajui?"

"Anajua kuliko wote. Kwani yeye anamtaka mkwe wa rozari? Jana alikutana na baba yako pale darajani, wakapeana mkono."

Nilikaa chini juu ya mgomba uliokatwa. Wazee wale, mmoja Mlutheri na mmoja Mkatoliki, tangu nipate akili walikuwa hawajakubaliana hata juu ya maji ya mfereji. Siku waliyokubaliana, walikubaliana juu yangu.

"Nitamwambia," nikasema. "Nitamwambia Elimringi asilitoe."

"Utamwambia saa ngapi? Wako njiani. Na wewe utaitwa wakati wa kupokea tu."

"Basi nitalikataa."

Shangazi akachomeka panga lake kwenye mgomba. Ni mwanamke aliyeolewa na mtu asiyemtaka, na hajawahi kulisema hilo, ila jioni ile sauti yake ililisema.

"Kulikataa isale anaruhusiwa mtu mmoja tu, yule ambaye uchungu wake bado haujapoa. Katekista Primus atakuwepo awe shahidi wa padri. Ukimwonea Elimringi huruma, ukilia, ukionyesha hata kidogo kwamba unampenda, watasema moyo umeshasamehe, mdomo unacheza tu. Watalilaza jani miguuni pako na yatakuwa yamekwisha. Ukitaka abaki wako, Dafroza, itabidi umchukie mbele yao. Na yeye pia aamini. Mtu yule uso wake hauna pazia. Akijua yeye, wote watajua."

Hata sikupata muda wa kunawa utomvu. Sauti za wageni zilikuwa zimeshafika uani.

Sebuleni walikaa hivi: baba kwenye kiti chake, katekista Primus karibu naye na kofia magotini, na upande wa pili mzee Eliufoo, mwembamba, mnyoofu, suti ya kanisani. Elimringi alikuwa amesimama. Alikuwa amekata nywele. Alizikata kwa ajili ya baba yangu, na mahali fulani nyuma ya sikio kinyozi alikuwa amemkata vibaya. Nilitazama mahali pale, nikajua kwamba nikiendelea kupatazama nimekwisha.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, binti yetu," akajibu mzee Eliufoo kwa sauti ya asali. "Mtoto wetu alikosa. Alialikwa mbele ya wazee hakufika. Hatuna cha kujitetea. Tumekuja na isale. Elimringi, mpe kwa mkono wako."

Elimringi akatoa jani ndani ya koti. Alilifunga fundo zuri, fundo la mtu aliyerudia mara nyingi. Akapiga magoti, akaninyooshea kwa mikono miwili, na akatabasamu. Tabasamu lile! Alikuwa anatabasamu kama mtu anayeona nyumbani kwao baada ya safari ndefu.

"Dafroza, nisamehe."

Nikarudisha mikono yangu nyuma ya mgongo.

"Silipokei."

Mzee Eliufoo akatazamana na baba.

"Binti," akasema katekista Primus, "hilo ni isale."

"Nalijua, katekista. Liko pale mpakani tangu sijazaliwa."

"Dafroza!" Baba akaegemea mbele. "Unanitia aibu."

"Aibu nilitiwa mimi, baba. Uchungu wangu haujapoa."

Katekista akanikazia macho. Alikuwa mtu wa haki, na hicho ndicho kilichonitisha. "Mdomo unasema hivyo. Na moyo?"

"Moyo ndio unaosema." Nikamgeukia Elimringi, na namshukuru Mungu kwamba sikulazimika kutunga. Uchungu ulikuwepo, tele, nilikuwa nimeufunika tu. "Uliniambia mwenyewe. Hukuugua, hukupotea njia. Mimi nimesimama hapo mlangoni, mama zangu wananionea huruma, wazee wako wanatazama viatu vyao, na wewe umekaa ukutani unakula zabibu. Ulikuwa na furaha! Ungekuwa unalia ningekusamehe. Ungekuwa gerezani ningekuletea chakula. Hiyo furaha nimeshindwa kuisamehe, Elimringi."

"Najua," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nimepiga magoti."

"Piga mpaka yachubuke."

"Niambie nifanye nini. Chochote. Nisirudi masomoni? Sirudi. Nibatizwe upya? Nitabatizwa hata kesho."

Mzee Eliufoo akakohoa. Mimi niliuma ulimi mpaka nikaonja damu. Mwanamume ninayempenda alikuwa ananipa dunia yake yote, na mimi nilitakiwa kuitema.

"Ondoka na jani lako," nikamwambia. "Usilete tena. Hata likiletwa na askofu wenu, sipokei."

Nilimtazama machoni, nikamwomba kwa macho anisome. Tulikuwa tukisomana zamani, hata umati mzima ukiwa katikati yetu. Lakini alikuwa ameinamisha kichwa. Alilitazama jani kana kwamba hajui limefikaje mikononi mwake, kisha akasimama, magoti yana vumbi, wala hakuyapangusa.

"Nimeelewa," akasema. "Nisamehe kwa kukusumbua."

Hakuwa ameelewa neno hata moja.

Wakatoka. Mzee Eliufoo alikuwa na uso wa mtu aliyeuziwa ng'ombe asiye na maziwa. Katekista alivaa kofia, akasema kwa masikitiko, "Mzee Nikodemo, nitamweleza padri nilichokiona. Bado hawajapatana." Baba alikuwa ananitazama mimi, na nikaona jinsi alivyokuwa anaelewa kidogokidogo.

"Epifania!" akaita. "Umemwambia nini mtoto huyu?"

Jioni hiyo hakuniruhusu hata kwenda kuchota maji. Lakini mapambazuko ya Jumamosi shangazi alisahau, kwa makusudi, kufunga mlango wa jikoni. Niliteremka korongoni na umande mpaka magotini, nikapanda upande wa pili kwa mikono na miguu, nikafika Mwika nikiwa nahema. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote: Nilikataa msamaha, sikukukataa wewe. Wewe bado wangu. Tupiganie pamoja sasa.

Mama yake alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asipoitikia shikamoo, ni bora angekupiga.

"Mama, Elimringi yuko wapi?"

"Amekwenda na gari la kwanza la Holili. Leo analala Nairobi, kesho anapanda ndege."

"Lakini likizo yake bado!"

"Bado. Alikuja kukaa mpaka mwisho wa Agosti. Nilikuwa nimemtengea mbuzi." Akaendelea kuchambua, maharage mabovu anayatupa karibu na miguu yangu. "Amesema harudi. Akimaliza masomo atatafuta kazi huko huko. Amesema kule angalau alikuwa na furaha."

"Mama, nisikilize. Nilikataa isale ili posa yetu isi..."

"Usinieleze!" Akasimama, na hapo niliona kwamba macho yake yamevimba. "Kuna mtu anakataa isale? Hata muuaji hupokelewa. Mtoto wangu amekwenda kuwapigia Wakatoliki magoti, mkamwacha chini. Toka kihambani kwangu."

Nilikimbia mpaka barabara kuu. Nikasimamisha lori la kahawa, dereva akaniona nilivyo, akanipandisha bila kuuliza. Mpakani Holili upepo ulikuwa mkali, wachuuzi wamejifunika kanga mpaka pua. Nilimwendea askari wa mpakani nikamwuliza kuhusu basi la Nairobi.

"Limeondoka zamani, dada. Kuna uliyemkosa?"

"Ndiyo."

"Mwandikie barua."

"Anaweza kuichana kabla hajaisoma," nikasema, na ndipo nilipolia, mbele ya askari nisiyemjua. Yale machozi niliyoyanyima sebule yetu yote niliyamwaga pale mpakani, na yule askari wa watu akabaki ameshika kofia yake.

Jumapili tulikwenda kanisani wote. Baba alitangulia. Onesphory alikuwa kwenye benchi la wanaume, shati lake limepigwa pasi, na sikuweza kumtazama, kwa sababu hakuwa amenikosea kitu. Baada ya mahubiri padri akachukua karatasi ya matangazo ya ndoa. Akasoma jozi ya kwanza, akasoma ya pili. Shangazi Epifania alinishika mkono akaubana. Padri akaikunja karatasi, akasema, "Tusali."

Jina langu halikusomwa. Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi, na kila mtu akaelewa: posa ya Mwika haijafa, binti wa Nikodemo bado ni mchumba wa yule Mlutheri. Nilikuwa nimeshinda. Kanisa zima lilijua kwamba mimi ni wa Elimringi. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na saa ile alikuwa angani.